Barua ya wazi kwa wanaotoa viwanja, vibali na zabuni za viwanda Dodoma: ardhi ichunguzwe kabla mashine hazijanunuliwa

Kwenu: Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma, wakurugenzi watendaji wa halmashauri za Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Manyoni na Ikungi, wahandisi wa halmashauri na maafisa mipango miji, wajumbe wa bodi za zabuni, na wakuu wa taasisi za umma zinazojenga maghala, vihenge na viwanda vya kusindika mazao.

Yah: Uchunguzi wa udongo na usanifu wa misingi ya viwanda vya kusindika

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kuhusu utaratibu uliozoeleka ambao tunaomba uachwe. Kiwanja kinatolewa, mkopo unapatikana, mashine zinaagizwa, michoro ya jengo inapelekwa kuombewa kibali. Mwishoni kabisa, faili likikwama kwa kukosa karatasi, ndipo anatafutwa mtu wa kupima udongo. Anakuja siku moja, anachimba mashimo mawili ya mita mbili, na baada ya wiki ripoti inaletwa ikiwa na mhuri na namba moja: udongo unabeba kilopaskali 150 (kama tani 15 kwa mita ya mraba). Mhandisi wa majengo anagawa mzigo wa nguzo kwa namba hiyo, anapata upana wa kitako cha msingi chini ya nguzo, na mkandarasi anaanza kuchimba.

Kwa nyumba ya vyumba vitatu juu ya udongo mwema, upimaji wa namna hiyo huenda usilete madhara. Kwa kiwanda haufai, na kwa kiwanda kinachojengwa Kanda ya Kati haufai zaidi, kwa sababu ndani ya kiwanja kimoja cha Nala au Kibaigwa mnaweza kukuta mbuga nyeusi (udongo mweusi wa mfinyanzi) upande mmoja, kichanga chekundu upande wa pili na majabali ya itale (graniti) katikati.

Tuchukue kiwanda cha kukamua alizeti, ambacho kila halmashauri ya Dodoma na Singida ingependa kuwa nacho. Kuna vihenge vya mbegu, jengo la kukamulia, matangi ya mafuta, boila na dohani lake, ghala la mashudu na mizani ya malori. Kila kimoja kinaisumbua ardhi kwa namna yake. Kihenge cha bati chenye kipenyo cha mita 10 na kimo cha mita 15 kina nafasi ya karibu mita za ujazo 1,180. Kikijazwa alizeti, ambayo mita moja ya ujazo ina kama kilo 400, kinapokea tani 470, na kila mita ya mraba chini yake inabeba tani 6. Msimu alizeti inapokuwa haba, mwenye kiwanda anakikodisha kwa mfanyabiashara wa mahindi. Mahindi yana kilo 750 hivi kwa mita ya ujazo. Kihenge kilekile sasa kina tani 880, na kila mita ya mraba inabeba zaidi ya tani 11, kabla hamjaongeza uzito wa bati na wa jamvi la zege, yaani bamba pana la msingi ambalo kihenge chote kinakaa juu yake. Hakuna aliyerudi kumuuliza mhandisi wa msingi, kwa sababu kwa macho ya wengi kihenge ni kihenge.

Tena mzigo huo hauji polepole. Jengo la ofisi hupanda kwa miezi, na sehemu kubwa ya uzito wake ni kuta na zege ambavyo havihami. Kihenge hupata karibu uzito wake wote ndani ya siku chache za mavuno, kisha hutolewa, kisha hujazwa tena. Udongo wa mfinyanzi uliolowa hauwezi kutoa maji yake kwa kasi hiyo. Maji yaliyobanwa ndani ndiyo yanayobeba sehemu ya mzigo mwanzoni, na maji hayana nguvu ya kuzuia udongo usiteleze. Ndiyo maana ujazo wa kwanza uende kwa hatua: robo, nusu, robo tatu, kisha kujaa, na katika kila hatua vipimo vya kimo vichukuliwe kuzunguka jamvi na kusubiriwa hadi kutitia kutulie. Vihenge vikiwa vinne, visijazwe viwili vya upande mmoja huku vya upande wa pili vikiwa vitupu.

Sasa swali la kina. Mzigo mpana hufika chini zaidi kuliko mzigo mwembamba hata kama uzito kwa mita ya mraba ni uleule. Kitako cha mita 1.2 kinausumbua udongo hadi mita mbili hivi chini yake. Vihenge vinne vilivyokaa juu ya jamvi moja la mita 24 kwa 24 vinausumbua hadi mita 36. Kiwango cha Ulaya cha usanifu wa ardhi, Eurocode 7, kinataka uchunguzi chini ya jamvi ufike angalau mara moja na nusu ya upana wake, isipokuwa mwamba imara upatikane mapema. Na kwa majengo ya viwanda kinapendekeza mashimo yapangwe kila mita 15 hadi 40. Mashimo mawili ya mita mbili hayana la kusema juu ya jamvi hilo.

Somo hili lina zaidi ya miaka mia. Oktoba 1913, huko Transcona karibu na Winnipeg, Kanada, jengo jipya la vihenge 65 lililokuwa juu ya jamvi la mita 23 kwa 59 lilianza kuzama wakati linajazwa ngano, na ndani ya siku moja likawa limelala kwa nyuzi karibu 27. Wajenzi wake walikuwa wamepima udongo. Walipakia bamba dogo juu ya mfinyanzi mgumu wa juu, na bamba likawapa majibu mazuri. Bamba dogo halikuufikia mfinyanzi laini uliokuwa chini. Jamvi pana likaufikia. Mashimo ya kina yaliyochorongwa hapo mwaka 1951 ndiyo yaliyoonyesha tabaka hilo. Kipimo cha bamba bado kinauzwa hapa nchini kama uthibitisho wa msingi wa kihenge. Tunaomba kisikubaliwe peke yake.

Tuje kwenye mbuga, maana ndiyo inayotugharimu zaidi. Viwanja vingi vya viwanda hutengwa kwenye mbuga kwa sababu ni tambarare, wazi, na fidia yake si kubwa. Lakini mfinyanzi mweusi huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Dodoma hupata kwa wastani chini ya milimita 600 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, halafu miezi saba ya ukame. Udongo hauna mwaka wa kupumzika.

Mfinyanzi huu ukipimwa Oktoba unadanganya. Kipimo cha SPT ni nyundo ya kilo 63.5 inayoangushwa kutoka sentimita 76. Yanahesabiwa mapigo yanayokizamisha kichukua sampuli sentimita 30 za mwisho kati ya 45. Mbuga kavu inaweza kutoa mapigo 30 na mtu akaandika "mfinyanzi mgumu sana". Ugumu huo ni wa ukavu, na mvua ya Machi inauondoa. Kwa hiyo uchunguzi wa kiangazi ni lazima uambatane na vipimo vya maabara vya sampuli zilizoloweshwa, na ripoti iandike tarehe ya kila shimo. Ripoti isiyo na tarehe za kuchoronga haiwezi kusomwa Dodoma.

Hapa pia ile namba ya kilopaskali 150 inapoteza maana. Kwenye mbuga hofu ya kwanza kwa jengo jepesi haiko kwenye kutitia. Jengo linainuliwa. Ukuta wa tofali wa ghala unaweza kuukandamiza udongo kwa kilopaskali 40, wakati mfinyanzi unaovimba unaweza kusukuma juu kwa 200 au zaidi. Kupanua kitako ili "kupunguza mzigo" ni kumsaidia adui: unapunguza mgandamizo uliokuwa unauzuia udongo usipande. Na udongo hauinuki sawasawa. Katikati ya jengo jamvi limezuia maji yasivukizwe, hivyo unyevu hujikusanya mwaka hadi mwaka na sakafu hutunisha mgongo. Pembeni udongo hulowa na kukauka kila msimu, na kuta hupanda na kushuka. Nyufa za mshazari kwenye pembe za madirisha, milango isiyofungika Februari inayofungika Septemba, sakafu ya ghala iliyopasuka kwa mstari unaofuata ukuta: fundi akiziba kwa saruji zitarudi msimu ujao.

Kuna njia ya kukadiria kabla ya kujenga. Van der Merwe wa Afrika Kusini aliitoa mwaka 1964, nayo inahitaji vipimo viwili vya bei nafuu tu: kiwango cha unyumbufu wa udongo na asilimia ya chembe za mfinyanzi. Chukua tabaka la mita 3 la mfinyanzi wa daraja la juu kabisa la kuvimba, kutoka usoni kwenda chini. Hesabu inatoa uso wa ardhi kuinuka kama milimita 150. Mafundi wengi huondoa nusu mita na kujaza kifusi. Kwa hesabu hiyohiyo, nusu mita iliyoondolewa inawaachia milimita 110. Ukiondoa mita moja zinabaki 80. Ukiondoa mita moja na nusu zinabaki kama 54, na ukuta wa tofali usio na mikanda imara hauvumilii hata hizo. Makadirio haya ni ya kuanzia tu. Usanifu wenyewe utegemee kipimo cha edomita, ambamo sampuli isiyovurugwa hubanwa kwa mzigo utakaokuwepo, hutiwa maji, na kuvimba kwake kupimwa.

Kubadilisha udongo kunafaa mahali pengi, ila kuna makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni kujaza mchanga au kokoto. Shimo lililochimbwa kwenye mfinyanzi na kujazwa mchanga ni bakuli: maji ya mvua yanaingia, hayana pa kutokea, yanakaa yakiulowesha mfinyanzi wa chini mwaka mzima. Kijazwe kifusi cha moramu chenye mfinyanzi kidogo usiovimba, kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe kufikia angalau asilimia 95 ya uzito mkavu wa juu wa maabara, na kila tabaka lipimwe kabla ya lingine kumwagwa. La pili ni kuishia kwenye mstari wa ukuta. Kifusi kivuke nje ya jengo mita moja na nusu, kisha juu yake pawe na sakafu ya nje ya zege inayoteremka kwenda mbali na ukuta.

Mbuga ikiwa nene kuliko hapo, paili, yaani nguzo za zege zinazozamishwa chini sana ardhini, huwa na nafuu. Nazo zina sharti lake. Mfinyanzi unaovimba huishika paili ubavuni na kuivuta juu, hivyo nondo ziende urefu wote hadi chini. Paili yenye nondo mita mbili za juu tu hukatika kwa mvutano. Mkanda wa zege unaounganisha vichwa vya paili usiguse ardhi: pabaki uwazi wa sentimita 10 hadi 15 chini yake. Uwazi huu ndio kitu kinachopotea mara nyingi zaidi eneo la kazi. Michoro inauonyesha, kisha siku ya kumwaga zege mtu anajaza udongo ili apate mahali pa kulaza mbao, na paili zote zinakuwa zimenunuliwa bure. Mkaguzi wa halmashauri akija siku moja tu katika mradi mzima, tunamsihi aje siku hiyo.

Maji ya kiwanda chenyewe huharibu kuliko mvua. Boila hutoa maji ya moto kila siku ili kuondoa uchafu. Tumezoea kuona bomba lake linaishia nje ya ukuta, juu ya udongo mtupu. Maji ya kuoshea sakafu, mifereji ya bati isiyo na mabomba ya kuteremshia, shimo la majitaka lililochimbwa mita mbili kutoka msingi, bomba lililofungwa kwa kiungo kigumu likavunjika ardhi ilipopanda: vyote vinalisha mbuga kiangazi, upande mmoja tu wa jengo. Miti hufanya kinyume, hunyonya. Dodoma inahitaji miti na tunaunga mkono kila mche unaopandwa, ila mwarobaini upandwe mbali na ukuta angalau kwa umbali sawa na kimo utakachofikia.

Udongo mwekundu wa kichanga unasifiwa kuwa mzuri, na mara nyingi ni mzuri. Upo hata hivyo ule wenye matundu mengi ndani yake, chembe zikiwa zimeshikana kwa gundi nyembamba ya mfinyanzi au chumvi. Ukiwa mkavu unabeba. Ukilowa chini ya mzigo, gundi inaachia na unaporomoka ghafla. Kipimo chake ni rahisi: sampuli inabanwa hadi kilopaskali 200 ikiwa na unyevu wake wa asili, kisha inatiwa maji. Ikishuka chini ya asilimia 1, hakuna shida. Ikishuka asilimia 5 hadi 10, kuna shida ya kweli. Asilimia 5 kwenye tabaka la mita 3 ni sentimita 15, na hutokea siku bomba linapopasuka. Tiba yake si ghali, ni kuchimba udongo huohuo, kuutia maji na kuushindilia upya, lakini lazima mtu ajue mapema kuwa upo.

Itale nayo ina hila. Mwamba wa Dodoma umeoza bila usawa, ukaacha majabali mazima yakiwa yamezungukwa na mchanga wa mwamba uliolainika. Mashine inagonga jabali kwenye mita 4, mchorongaji anaandika "mwamba" na kuhamia shimo jingine. Paili moja inakaa juu ya jabali, ya jirani inapita pembeni yake. Kanuni yetu: mwamba haujapatikana mpaka uchorongwe kwa kutoa kiini mita 3 hadi 5 ndani yake, na visanduku vya viini vipigwe picha. Vichuguu navyo vichorwe kwenye ramani ya kiwanja kabla ya kusawazishwa, maana greda likishapita hakuna atakayekumbuka vilipokuwa, na mapango yake hubaki chini.

Kemia ya udongo huachwa kabisa kwenye ripoti nyingi. Bonde la Bahi halina mto unaopeleka maji baharini. Maji huvukizwa na chumvi hubaki. Upande wa Itigi jasi inachimbwa, na jasi ni salfeti, ambayo huila saruji ya kawaida. Salfeti, kloridi na kiwango cha asidi vipimwe kwenye udongo na kwenye maji ya ardhini, na pia kwenye maji ya kisima yatakayochanganyia zege. Aina ya saruji na unene wa zege linalofunika nondo vichaguliwe baada ya majibu hayo.

Kuhusu mashine tutasema machache. Mashine ya kukamua na nyundo za kusaga mashudu zikae juu ya vitalu vyao vya zege, vilivyotengwa na sakafu kwa uwazi wa milimita 20 hadi 25 uliojazwa kitu laini. Kitalu cha mashine inayozunguka kiwe na uzito wa angalau mara tatu ya mashine yenyewe, na mtetemo wa asili wa kitalu na udongo usikaribiane na mzunguko wa mashine. Hesabu hiyo inahitaji ukakamavu wa udongo, ambao hupatikana kwa kupima kasi ya mawimbi ardhini. Kipimo hichohicho kinahitajika kwa matetemeko. Dodoma iko kwenye tawi la Bonde la Ufa, kingo za Bahi ni ushahidi wa macho, na Novemba 2002 mji ulitikisika kwa tetemeko la ardhi. Kihenge kilichojaa ni tani mia kadhaa zilizosimama juu; kusanifu msingi wake kwa upepo peke yake hakukubaliki.

Matangi ya mafuta yana faida moja ambayo haitumiki vya kutosha. Kabla ya kutumika hujazwa maji kupima uvujaji, na maji ni mazito kuliko mafuta. Tangi la kimo cha mita 8 linakandamiza kwa tani 8 kwa mita ya mraba likiwa na maji, tani 7.4 likiwa na mafuta. Basi siku za jaribio hilo zitumike pia kupima kutitia, kwenye nukta zisizopungua 8 kuzunguka tangi, na mabomba yaunganishwe baada ya hapo, si kabla.

Uchunguzi unaotosha kiwanda kama hiki kwenye kiwanja cha mita 100 kwa 80 ungekuwa hivi: mashimo matatu ya kuchoronga kwenye vihenge hadi mita 36 au hadi ndani ya mwamba mzima; mawili kwenye matangi na moja kwenye boila na dohani, ya mita 15; manne kwenye jengo la kukamulia na manne kwenye ghala, ya mita 10; na mashimo manane ya kuchimbwa kwa mkono, ya mita 3, ambamo mabonge ya udongo yasiyovurugwa yatakatwa, kwa sababu mfinyanzi mkavu hupasuka ukisukumiwa bomba la sampuli. SPT ifanywe kila mita 1.5. Kina cha maji kisomwe siku ya kuchoronga na tena baada ya saa 24, na kwenye mashimo mawili yaachwe mabomba ya kusomea maji hadi mwisho wa masika. Idadi hii si amri. Mwamba ukionekana mita 5 katika mashimo yote, kazi itapungua. Lakini aamue mhandisi atakayesanifu msingi, akiwa na orodha ya mizigo mkononi, asiamue mwenye mashine ya kuchoronga wala mwenye kiwanja.

Ripoti ya kubahatisha ina alama zake, na afisa asiye mhandisi wa udongo anaweza kuzitambua. Mapigo ya SPT yanafanana shimo hadi shimo. Hakuna viwianishi wala vimo vya mashimo. Hakuna picha. Karatasi za maabara hazimo, yamo majedwali tu. Kiwanja ni mbuga, ila hakuna kipimo hata kimoja cha kuvimba. Namba moja ya uwezo wa udongo imetolewa kwa eneo zima, bila kutaja upana wa msingi, kina chake, wala kutitia kutakakotokea chini ya mzigo huo. Ukiona tatu kati ya hizi, irudishwe.

Sasa maombi yetu.

Kabla ya kupima na kugawa eneo jipya la viwanda, halmashauri ikae na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, ambayo makao yake makuu yako hapahapa Dodoma, pamoja na ofisi za mabonde ya maji zenye taarifa za visima, itengeneze ramani ya awali ya udongo. Mashimo machache kila mita 150 au 200 yanatosha kujua mbuga inaanzia wapi na mwamba uko wapi. Kiwanda kizito kipewe itale, maegesho ya malori na bustani zipewe mbuga. Hilo haliwezi kurekebishwa baadaye kwa saruji.

Kibali cha ujenzi wa kiwanda kisitolewe kwa kuona jalada la ripoti. Faili liwe na orodha ya mizigo ya kila mtambo, ripoti ya vipimo, na ripoti ya pili ya usanifu inayoeleza msingi upi umechaguliwa kwa kila sehemu na kwa nini, zikiwa zimetiwa saini na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi mwenye uzoefu wa kazi hiyo. Kihenge kiandikiwe nafaka nzito kuliko zote itakayowahi kuwekwa humo.

Kwenye zabuni za umma, uchunguzi wa udongo uwe mkataba wa peke yake, ulipwe kwa mita zilizochorongwa na vipimo vilivyofanywa, ukamilike kabla ya zabuni ya ujenzi kutangazwa. Ukiwekwa ndani ya bei ya jumla ya mkandarasi, kila shimo linalochorongwa linamtoa yeye fedha mfukoni, na tabaka baya likionekana linakuwa hasara yake. Msitarajie alitafute. Waombaji wote wapewe ripoti kamili, ili anayeweka bei ya paili na anayeweka bei ya jamvi wawe wanasoma ardhi moja.

Mtaro wa msingi ukishachimbwa, zege lisimwagwe mpaka mhandisi wa udongo aingie ndani na kulinganisha anachokiona na kilichoandikwa. Mkataba utenge fungu la kulipia mabadiliko, kwa sababu mabadiliko yatakuwepo. Pasipokuwa na fungu, msimamizi analazimika kuchagua kati ya kusimamisha kazi na kufumba macho. Na mtaro usiachwe wazi wiki mbili kwenye jua au mvua. Mfinyanzi uliochimbwa leo ufunikwe kwa zege jepesi la sentimita 5 hadi 7 leo au kesho.

Mwisho, nakala ya kila ripoti iwekwe kwenye masijala ya halmashauri na iwe wazi kwa mwekezaji wa kiwanja cha jirani. Hivi sasa kila mmoja anaanza gizani, mita 50 kutoka kwa mwenzake aliyekwisha kulipia majibu. Tuko tayari kukaa na wahandisi wenu bila malipo kuandaa fomu ya ukaguzi wa ripoti hizi, kurasa mbili, inayoweza kuanza kutumika kwa viwanja vitakavyogawiwa kiangazi hiki, kabla ya mvua za Desemba.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wahandisi wa udongo na misingi, Kanda ya Kati
Dodoma